Sufuria Moja Mpaka Kinshasa

Mume wangu ni mtu wa Butembo, na watu wa kwao hawana raha na kitu ambacho hakijapimwa. Duka letu la Kitshanga linauza misumari, sabuni, sukari na bati, na siku nzima utamsikia akipima: misumari kwa kilo, kamba kwa mita, mafuta kwa lita, na maneno yangu kwa subira. Barabara anazipima kwa kilomita, hata zile ambazo kilomita zake zilishasombwa na mvua zamani.

Mama yangu ni mkulima wa Muheto, naye ana kipimo chake. Anapima kwa maharage.

Tulipokuwa wadogo, mimi na dada yangu mkubwa, mama akitutuma mahali aliteleka sufuria kwanza, ndipo tukatoka uani. Kisimani ni mpaka maji yachemke. Kwa shangazi, kwenda na kurudi, ni mpaka maharage yaive. Tukirudi yameshaiva na kupita, basi tumepita mahali. Soko la Kitshanga lilikuwa sufuria nzima kwa kwenda tu, ya maharage mapya wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua ya maharage ya mwaka jana, yale magumu yanayomaliza kuni. Mgeni akiuliza njia, mama alimjibu hivyo hivyo, na mgeni wa mjini alibaki akitafuta sufuria inahusika vipi.

Tukichelewa, yaliungua. Mama hakupiga mtu. Alipakua yale maharage meusi, akala na sisi, kimya, na kimya hicho kilikuwa kizito kuliko fimbo. Lakini kulikuwa na siku ambazo mto ulijaa, au watu wenye bunduki walikaa njiani na sisi tukajibanza kwenye mihogo mpaka waondoke. Siku hizo alionja, akatazama matope yetu mpaka magotini, akasema: "Imeungua. Leo ilikuwa mbali." Ukisikia hivyo ujue umesamehewa, hata kujieleza hakuna haja.

Dada yangu ndiye aliyeunguza maharage mengi zaidi katika historia ya Muheto. Miguu yake haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mdomo: hakuweza kumpita mtu bila kumsalimia, na kumsalimia mtu bila kumuuliza ng'ombe wake, na kuuliza ng'ombe bila kufika zizini kumwona. Alikwenda Kinshasa kusomea uuguzi, na huko nadhani alisalimia mtu mmoja kwa muda mrefu kupita kiasi, maana aliolewa naye na hakurudi.

Kinshasa haikuwa na sufuria. Mama hakujua aanzie wapi kuipima, basi akasema tu, "Iko mbali." Dada hakuja Krismasi, iko mbali. Hakuja nilipoolewa, iko mbali. Kisha baba yetu alifariki. Tulimpigia dada simu siku ile ile, akalia mpaka laini ikakatika, tukamngoja, naye hakufika. Tukazika. Majirani walimuuliza mama kwa sauti ile ya majirani, yenye pole upande mmoja na udaku upande wa pili: na binti yenu wa kwanza? Mama akajibu, "Iko mbali." Alijifunga neno hilo kama kitenge cha pili siku ya baridi. Mimi lilinikwaza, nasema wazi, lakini lilikuwa neno lake na yeye ndiye mjane.

Hayo yalipita. Mwishowe dada, baada ya kungoja kwa miaka mingi, akajifungua mtoto wa kike. Akampigia mama: njoo umwogeshe. Kwetu mtoto wa kwanza huogeshwa na bibi yake. Wengine wanaweza kuleta maji, kushika taulo na kutoa ushauri ambao hawakuombwa, lakini beseni ni la bibi.

Mama alikuja dukani siku ya soko na jibu lake likiwa tayari. Aliketi juu ya gunia la chumvi, akanywa chai, akasema kwamba atatuma kitenge na jibini, lakini kwenda hawezi, ni mbali. Ningeshukuru kama mazungumzo yangeishia hapo. Lakini mume wangu alikuwa ameshatoa simu mfukoni, maana mbele yake kulikuwa na kitu ambacho hakijapimwa.

"Mama, ngoja tuangalie," alisema. Anamheshimu sana mama mkwe wake, hamwangalii usoni, kwa hiyo aliisomea simu yake kwa sauti, kilomita kwanza, kisha saa za ndege. "Goma na Kinshasa ni kilometre elfu moja na mia tano na kitu. Njo kusema mu avio ni masaa mbili na nusu."

"Masaa mbili na nusu," alisema mama. "Njo sufuria ngapi?"

Nilimkanyaga mume wangu mguu. Akahamisha mguu, akaendelea kupiga hesabu.

"Ya maharagi ya zamani? Haifike hata moja, mama. Na tena wanakurudishia saa moja. Ukitoka Goma saa sita, unafika kule saa saba na nusu yao. Saa yao iko nyuma ya yetu."

"Ile saa moja ni ya nani?"

"Ni ya bure, mama."

Mfanyabiashara wa Butembo anapotangaza kitu cha bure, ujue amefurahi kweli. Alitabasamu, akaweka simu mezani, akangoja ashukuriwe. Mama aliweka kikombe chini. Alitazama barabarani, pikipiki zilivyokuwa zikipita na ng'ombe, magodoro na watu watatu watatu.

"Njo kusema Kinshasa iko karibu kuliko hapa," alisema.

"Kwa avio, mama. Kwa avio."

"Mutoto wangu anaikala karibu kuliko soko. Na papa yake tukamuzika bila yeye."

Mume wangu akachukua simu polepole, kama mtu anayeondoa kisu mezani watoto wamekaa, akairudisha mfukoni. Alikuwa amechelewa. Kwa dakika chache alikuwa amempokonya mjane neno alilojifunika miaka yote hiyo, na alifanya hivyo kwa adabu kamili, bila kumwangalia usoni.

"Nitaenda," alisema mama. "Siendi kuosha mutoto. Ninaenda kumuuliza."

Siku zile uwanja wa Goma ulikuwa bado unapokea ndege, na mimi ndiye niliyeambiwa nimsindikize. Mama aliandaa safari yake kwa kufuata kipimo, na hapo ndipo mume wangu alipojua kazi aliyoifanya. Safari isiyofika sufuria moja haiagwi. Haifungiwi chakula. Mama aliwakataza majirani wasije kumuaga, akasema anaenda hapa tu. Kuku aliwaacha nje. Nilipomwambia achukue sweta la pili, aliniuliza kama mimi huchukua sweta la pili nikienda kisimani. Alichokubali kubeba ni jibini moja ya mviringo kutoka kwa wafugaji wa Burungu, na alisisitiza kwamba hiyo ni ya mtoto. Nikamwambia mtoto hana meno. Akasema basi atangoja.

Tulishuka kwenda Goma kwenye kabini ya lori la mume wangu, mama dirishani, mimi katikati, na dereva ambaye tulikubaliana naye kwamba hatazungumza siasa. Mvua ilikuwa imenyesha. Nitasema nini kuhusu barabara ile ambacho wapitaji wake hawakijui? Lori moja lilikuwa limelala ubavu mbele yetu, na nyuma yake malori mengine yamepanga foleni, madereva wakipika ugali chini ya matangi. Tulilala njiani, tukaamka, tukasogea, tukalala tena. Palikuwa na kizuizi cha kamba, baada yake kizuizi cha mti, na baada yake kizuizi ambacho hakikuwa na kitu, ila kijana amesimama na uso wa kizuizi.

Nilikuwa na hasira na dada, lakini pia nina tabia ya kuchokoza. Karibu na Sake nikamuuliza mama, "Hii sasa ni sufuria ngapi?"

Alikuwa na tope hadi kwenye nyusi, kwa kuwa alishuka kusukuma ingawa hakuna aliyemwomba. Alifikiri kidogo.

"Kuni imeisha," alisema.

Ndege yenyewe ilimkera tangu mwanzo kwa sababu ilikuwa nzuri. Kiti kilikuwa safi, hakuna aliyepakatishwa mbuzi, na msichana mwenye sketi alituletea mkate na maji ya matunda tukiwa hata hatujazoea mkanda. Mama alitazama chini. Milima ilikwisha haraka. Ikaja misitu ya Walikale, kijani tupu bila hata moshi, na baada ya hapo mawingu. Watu wengine huogopa ndege. Mama aliichukua kama shahidi mahakamani. Kila dakika iliyopita bila shida ilikuwa ushahidi dhidi ya binti yake.

"Sasa povu imetoka," aliniambia kwa sauti ya chini.

Baadaye: "Sasa tunaweka chumvi."

Rubani alipotangaza kwamba tunashuka, mama alinigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Haiyaive," alisema. "Bado ngumu. Na tumefika." Nilimfunga vizuri kitambaa cha kichwa, nikiwaza dada yangu atajibu nini.

Dada alikuwa nje ya uwanja wa ndege wa Ndjili, amenenepa, mtoto mgongoni, analia na kucheka kwa pamoja. Alikimbia kuja kwetu akimsalimia na polisi njiani. Kumbe Kinshasa haikumponya. Mama alimpa mkono. Hakumkumbatia, alimpa mkono, vile mtu anavyompa mkono mwalimu wa mtoto wake. Dada akageuka mgongo aonyeshe mtoto. Mama alimwangalia yule mtoto muda mrefu, mtoto naye akamwangalia, na hata mimi niliona kwamba paji la uso lilikuwa la baba.

"Mupokee, mama," alisema dada.

"Nitamubeba tukifika. Tufike kwanza."

Tukaingia kwenye taksi, mama na dada nyuma, mtoto katikati yao, mimi mbele na jibini magotini. Dada alisema nyumbani si mbali. Nikaona mabega ya mama yanakaza kwa kusikia neno hilo. Tukatoka getini, tukaingia barabara kuu, tukasimama.

Sijui kama umewahi kusimama kwenye barabara ile. Magari yalikuwa mbele, nyuma na kando, mengine yameelekea upande usio wake, na katikati yake watu wakiuza maji, mikate, chaja za simu na viatu vya mguu mmoja mmoja kwa kuonyesha. Jua lilikuwa linachoma namna ambayo kwetu hatuijui. Tulisimama mpaka dereva akazima injini, akavua viatu.

"Kuko barrière mbele?" aliuliza mama, akitafuta kamba au mti wa kizuizi.

"Hapana, mama. Ni embouteillage."

"Nani anaiweka?"

"Hakuna mutu, mama. Ni magari tu."

"Banasimama bila mutu kubaambia basimame?"

"Njo vile."

Mama alitikisa kichwa. Kwetu, angalau, ukisimamishwa unajua aliyekusimamisha. Tulisogea urefu wa gari moja, tukasimama tena. Dada alianza kutazama saa, kisha jua, kisha saa tena, na kila akitazama alihangaika zaidi. Nilidhani anaogopa kuulizwa. Na kweli mama hakungoja kufika.

"Avio ilikuja mbio," alisema, akitazama dirishani. "Haikufika sufuria moja. Mimi nilikuwa nasema kwa batu iko mbali. Papa yako alipokufa, nilisema iko mbali. Nilibadanganya. Sasa niambie weye, juu ya nini haukukuja?"

Dereva akavaa viatu vyake. Mimi nikaishika ile jibini.

Dada alikaa kimya muda, yeye ambaye hajawahi kukaa kimya hata kanisani. Kisha akasema, "Nilifika Goma, mama."

Akamvuta mtoto karibu yake.

"Mulinipigia simu, kesho yake nikapanda avio. Nikafika Goma. Barabara ilikuwa imefungwa pa Sake, balikuwa banapigana. Nikatafuta lori, bakakataa. Nikatafuta pikipiki, bakakataa. Nikaikala kwa mama mumoja wa kanisa. Kila asubui nilienda pa fasi malori inaondokeaka, na fundo yangu. Njo mukanipigia kusema mumekwisha kumuzika. Nikarudia Kinshasa."

"Ulikuwa Goma," alisema mama.

"Nilikuwa Goma. Milima niliiona kwa macho."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema nini? Weye ulikuwa unasema iko mbali, na batu banaitika. Kusema nilikuwa karibu na sikufika, niliona ni mubaya kuliko kusema niko mbali."

Nilitaka kugeuka nimwangalie, nikashindwa. Miaka yote ile nilikuwa nimeibeba hasira yangu dhidi yake vizuri, bila kuidondosha, na sasa sikujua niiweke wapi ndani ya taksi ndogo vile. Niliwaza dada yangu amesimama asubuhi na furushi lake mahali malori yanapoondokea, akimsalimia kila dereva, na kila dereva akimjibu hapana. Nililia, nikajifanya jasho.

Mama alitazama magari. Hakuwa amesahau Sake. Tope lake lilikuwa bado kwenye pindo la kitenge chake. Lakini mama yangu hasamehi kwa sababu umemwelezea vizuri. Angesamehe hivyo, tungemaliza utoto wetu wote bila kula maharage meusi.

Jua lilikuwa limeanza kuzama tulipofika. Harufu ilitupokea kabla ya mlango. Dada aliipata kwanza, akashika kichwa, akakimbilia uani na mtoto akirukaruka mikononi. Pale uani mume wake alikuwa amesimama kando ya jiko la makaa na kijiko mkononi, kwa uso wa mtu aliyeshindwa vita.

"Niliongeza maji," alisema kwa Kifaransa, kisha kwa Lingala, kisha kwa Kiswahili kidogo alichofundishwa na mke wake. "Niliongeza, niliongeza. Kisha maji ya robinet ikakatika." Akanyoosha kijiko kuelekea bomba kavu.

Dada alijaribu kufunika sufuria, lakini mama alikuwa ameshafika.

"Uliteleka saa ngapi?" alimuuliza.

Dada alitazama chini. "Ndugu yangu huyu alinitumia message kusema avio inaondoka Goma. Njo niliteleka. Ya mwaka jana, ile magumu. Nilipiga hesabu. Nilijua mutafika inaiva."

Basi hicho ndicho alichokuwa akikitazama kwenye saa na kwenye jua barabarani. Alikuwa ameishi Kinshasa miaka yote ile, na saa ya ukutani anayo, na simu anayo kubwa kuliko ya mume wangu, lakini siku mama yake alipokuja aliteleka sufuria.

Mama alichuchumaa. Aliomba kijiko kwa mkwe wake, na mkwe akampa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Alikwangua chini, pale peusi kabisa, akapuliza, akaonja. Alitafuna taratibu. Sote watatu tulisimama tukimwangalia, na ghafla mimi nilikuwa tena na umri wa miaka minane, na nadhani dada alikuwa na kumi na moja.

"Imeungua," alisema mama.

Alikiweka kijiko juu ya mfuniko, akajifuta mikono kwenye kile kitenge chenye tope la Sake, akaipanua.

"Iko mbali kweli. Leta mutoto."